Sarufi ya Sentensi na Mtoto wa Mvumi

"Mifugo iliondolewa Mvumi mwaka 1986." Sentensi hii ni fupi, nayo ni ya kweli. Mwaka 1973 Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu wengi huujua kwa jina la HADO. Mwaka 1979 mifugo ilihamishwa kutoka milima ya Kondoa iliyokuwa imeliwa na makorongo, na mwaka 1986 amri ya namna hiyo hiyo ikafika tarafa ya Mvumi, kusini-mashariki ya mji wa Dodoma. Kwa Wagogo, ambao ng'ombe kwao ni mahari, ni chakula, ni akiba na ni heshima, jambo hilo halikuwa dogo.

Sasa ichukuliwe kwamba sentensi hiyo imeandikwa ubaoni mbele ya watoto wa darasa la tano. Mwalimu aliyelelewa katika desturi ya siku zote atauliza: Kiima ni kipi? Watoto watajibu: Mifugo. Kiarifu? Iliondolewa Mvumi mwaka 1986. Kitenzi? Iliondolewa. Kielezi cha mahali? Mvumi. Cha wakati? Mwaka 1986. Majibu yote ni sahihi, na kila mtoto atapewa vema katika daftari lake. Kengele italia, nao watatoka hali hapana hata mmoja aliyeulizwa swali ambalo babu yake angeliuliza kwanza kabisa: Nani aliiondoa?

Hapo ndipo penye hoja. Somo la sarufi limekwisha bila kugusa jambo kuu lililomo katika sentensi, wala si kwamba jambo hilo ni la siasa au la historia, hata isemwe kuwa si kazi ya mwalimu wa lugha. Ni jambo la sarufi tupu. Kitenzi kimetiwa katika hali ya kutendwa, na mtendaji akaachwa nje. Lugha ina njia ya kumwacha nje, na ina njia ya kumrudisha ndani. Mtoto asiyejua njia hizo mbili hajajifunza sarufi ya sentensi, hata kama ajua kupiga mstari mmoja chini ya kiima na mistari miwili chini ya kiarifu.

Kiswahili kina utajiri mwingi katika kitenzi chake, na sentensi ya Mvumi yauonyesha vizuri. Mtoto akiambiwa asimulie tukio hilo hilo kwa namna mbalimbali, aweza kuandika: Mifugo iliondoka Mvumi. Au: Wenyeji waliondoa mifugo yao Mvumi. Au: Serikali iliondoa mifugo Mvumi. Au tena: Wenyeji waliondolewa mifugo yao. Idadi ya maneno ni karibu ile ile, lakini habari si moja. Ya kwanza yasimulia kana kwamba ng'ombe waliamka asubuhi moja wakashika njia kwa hiari yao. Ya pili yawafanya wenyeji kuwa ndio waliokata shauri. Ya tatu yamtaja mwenye amri. Ya nne yamweka mwenye mali mbele, ikamwonyesha kuwa ndiye aliyepatwa. Na ile ya ubaoni haimtaji mwenye amri wala mwenye mali. Haisemi uongo, ila imechagua la kusema na la kunyamazia. Na kuchagua huko kumefanyika ndani ya silabi chache za mwisho wa kitenzi.

Hata neno la mwanzo lina lake. Mifugo ni neno la ngeli ya U-I, kwa hiyo kitenzi chake huanza na i-, kama cha miti na mizigo. Lau mwandishi angelisema "ng'ombe", Kiswahili sanifu kingelimlazimisha aseme "waliondolewa", kwa kiambishi kile kile cha watu na viumbe vyote vyenye uhai. Mtoto aliyechunga ndama huenda akaihisi tofauti hiyo kabla ya mwalimu wake.

Na katika ile sentensi ya nne mna jambo la kupendeza kwa yeyote apendaye kuchungua lugha. Vitenzi vinavyoishia kwa -oa, kama ondoa, bomoa na toboa, hali yao ya kutendwa huishia kwa -olewa. Na hali yao ya kutendewa nayo huishia vivyo hivyo. Kwa hiyo neno "waliondolewa" likisimama peke yake laweza kuwa na maana kwamba watu wenyewe walihamishwa, au kwamba walitolewa kitu chao. Maneno "mifugo yao" ndiyo yanayoamua. Watoto wa darasa la tano wana uwezo wa kulifumbua fumbo hili, maana wamezoea vitendawili vigumu kuliko hivyo, na wakishalifumbua watakuwa wamejua kwa nini yampasa mtu kuangalia kinachofuata baada ya kitenzi. Neno "shamirisho" laweza kuja baadaye, au hata lisije.

Yafaa kuuliza desturi ile ya kutaja sehemu tu ilitoka wapi, maana haikuanza Mvumi. Vitabu vya kwanza vya sarufi ya Kiswahili vilivyochapishwa viliandikwa na wageni kwa ajili ya wageni. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefanya kazi Unguja, alitoa kitabu chake mwaka 1870 ili kumsaidia Mwingereza ajifunze lugha ya Unguja. E. O. Ashton alitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1944, na msomaji aliyemkusudia alikuwa mtu mzima aliyezoea Kiingereza. Vitabu hivi ni vya heshima kubwa, na kile cha Ashton hasa kina jicho kali kwa sauti na maana. Hapana mwalimu wa Kiswahili asiyekuwa na deni kwake. Lakini mgeni ana haja zake. Mgeni hajui kwamba mtu akiwa wengi huwa watu, na kitu kikiwa vingi huwa vitu. Kwake yeye jedwali la ngeli ni uhai. Bila hilo hawezi kuagiza hata maji ya kunywa. Tena mgeni huyo alikwisha kufundishwa sarufi ya Kilatini na ya Kiingereza tangu utoto, naye alitaka aonyeshwe ni wapi katika Kiswahili palipo na kile alichokizoea: jina, sifa, tendo, kiungo. Vitabu vikamtimizia haja yake.

Kisha zana hizo zilizotengenezwa kwa mgeni zikaingizwa darasani kwa mwenyeji. G. W. Broomfield, naye mmisionari, aliona mapema kwamba wenyeji wastahili kitabu chao, akaandika Sarufi ya Kiswahili kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1931, mwaka mmoja tu baada ya kuundwa ile Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji katika nchi za Afrika Mashariki. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kuandika kwa lugha ya mwenyeji si sawa na kuanzia pale alipo mwenyeji, na vitabu vingi vya shule vilivyofuata vilichukua jedwali na majina ya sehemu, vikaacha maswali.

Mtoto wa Mvumi yuko wapi basi? Katika nyumba nyingi za pande zile lugha ya kwanza ni Chigogo, lugha ya Kibantu ambayo Malcolm Guthrie aliiweka katika kundi lake la G. Mtoto asemapo munhu kwa mmoja na wanhu kwa wengi, cinhu kwa kimoja na vinhu kwa vingi, tayari anayo ngeli. Anao upatanisho wa kitenzi na jina. Anazo hali za kutenda na kutendea. Hakufundishwa na mtu, wala hakosei. Afikapo shuleni, akakalishwa miaka mingi kujazishwa nafasi wazi kwa "wa" na "vi", hufundishwa kwa bidii jambo ambalo akili yake ililimaliza akiwa na umri wa miaka minne.

Isisemwe kwamba hana la kujifunza. Katika lugha nyingi za bara jina la mnyama huvuta upatanisho wa ngeli ya jina lenyewe, ambapo Kiswahili sanifu humpa mnyama upatanisho wa A-WA. Ndiyo maana wasemaji wengi wa bara husema "ng'ombe imekufa". Mwalimu huikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu na kuandika "amekufa", naye ana haki, maana sanifu ni sanifu. Lakini kuna njia mbili za kuikata. Mwalimu mmoja ataona kwamba mtoto hajui sarufi. Mwingine ataona kwamba mtoto anafuata sarufi moja kwa uaminifu, na kwamba kinachohitajika ni kumwonyesha kuwa Kiswahili kimeuweka uhai mbele ya umbo la jina. Mtoto aliyeelezwa hivyo mara moja amepata kanuni. Aliyepigwa wino mwekundu mara ishirini amepata woga. Na kwa haki angeambiwa pia kwamba Kiswahili chenyewe hakijaifuata kanuni hiyo mpaka mwisho, kwani husema "rafiki yangu amefika", ngeli mbili katika maneno matatu, na hapana anayeandika wino mwekundu juu yake.

Tabu nyingine iko katika ufafanuzi wenyewe. Mtoto huambiwa kwamba sentensi ina sehemu mbili, kiima na kiarifu, na kiima hutangulia. Kisha huletewa "Wamekuja". Kiima kiko wapi? Wengine watasema hakipo. Wengine watasema kimefichwa. Lakini hakikufichwa hata kidogo: ni ile wa-, imesimama mlangoni. Neno moja la Kiswahili, kama "Nimewapikia", lina mtenda, lina wakati, lina waliotendewa na lina tendo lenyewe, yaani ni sentensi kamili ambayo Kiingereza kingehitaji maneno manne au matano kuisema. Mtoto huambiwa pia kwamba sentensi sharti iwe na kitenzi. Halafu jirani hupita akasema "Huyu mwalimu wetu", na kila mtu amemwelewa. Huambiwa kiima ni mtenda, kisha huletewa "Kisimani mmekauka", ambapo mahali pamekuwa kiima na hapana atendaye lolote. Wataalamu wanazo njia za kuyaeleza haya yote. Massamba, Kihore na Hokororo waliyashughulikia kwa utaratibu katika Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mwaka 1999 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya sekondari na vyuo. Kinachoteremka kutoka huko mpaka darasa la tano mara nyingi si maelezo bali ni majina, na majina yenyewe hayajatulia: mmoja husema kiarifa, mwingine kiarifu, mmoja husema shamirisho, mwingine yambwa. Mtoto hukariri jina katika darasa moja akalisahau katika darasa lifuatalo, maana mwalimu mpya amekuja na jingine.

Kitenzi cha Kiswahili kina siri nyingine inayopotea katika mafundisho ya namna hii, nayo pengine ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Kiingereza huunganisha sentensi kwa maneno yanayojitegemea. Kiswahili nacho chaweza, kwa "kwa sababu", "ingawa" na "ili". Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na silabi moja ndani ya kitenzi. Ichukuliwe mvua, ambayo katika Ugogo si habari ya mazungumzo ya kupitisha wakati. Nchi ya Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mwaka mmoja haufanani na mwenzake. Mtoto apewe sentensi mbili fupi: Mvua ilinyesha. Tulipanda uwele. Kisha aulizwe ni kwa njia ngapi aweza kuzifunga pamoja.

Mvua iliponyesha tulipanda uwele. Mvua ikinyesha tutapanda uwele. Mvua isiponyesha hatutapanda uwele. Mvua ingenyesha tungepanda uwele. Mvua ingalinyesha tungalipanda uwele. Tulipanda uwele kabla mvua haijanyesha. Ingawa mvua ilinyesha, hatukupanda uwele.

Kila moja ya hizo ni mwaka mwingine. Mkulima aliyepanda kabla mvua haijanyesha amebahatisha mbegu zake. Asemaye "ingalinyesha tungalipanda" anasimulia njaa iliyokwisha kupita. Na yule ambaye mvua ilinyesha naye hakupanda, huyo ana kisa, na mtoto atataka kukijua: alikuwa mgonjwa, au mbegu zililiwa? Somo hili halihitaji jina la kishazi tegemezi. Lahitaji ubao, chokaa, na mwalimu asiyeogopa kuuliza "Na ukisema hivi je, maana yake inageuka?" Mtoto wa darasa la nne aweza kulifanya kwa mdomo kabla hajaweza kuliandika, na wengi wao husema sentensi za namna hii nyumbani kila siku kwa lugha yao. Kinachokosekana ni kuziona katika maandishi yao wenyewe. Utungaji wa watoto mara nyingi huenda kwa sentensi fupi fupi zilizofuatana kama mbuzi wanaorudi zizini, moja nyuma ya moja, zimeunganishwa kwa "halafu" na "na". Si kwamba fikira zao ni fupi. Hapana aliyewaonyesha kuwa silabi zile wanazozitumia kinywani zaweza kukaa katika daftari.

Jambo hili limechunguzwa katika nchi nyingine. Mwaka 1962 R. J. Harris alilinganisha wanafunzi wa London waliofundishwa sarufi ya majina na sehemu na wenzao ambao muda huo waliutumia kuandika; wale wa kwanza hawakuandika vizuri zaidi. Mwaka uliofuata, huko Marekani, Braddock, Lloyd-Jones na Schoer walipima utafiti uliokuwapo, wakasema kwa ukali kwamba sarufi ya namna hiyo haina faida ya maana katika uandishi, na huenda ikadhuru kwa kula muda. Mwaka 1973 Frank O'Hare alionyesha kuwa watoto wa darasa la saba la Marekani waliozoezwa kuunganisha sentensi, bila kufundishwa majina ya sarufi, waliandika sentensi zilizokomaa zaidi. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha York, waliopitia tafiti nyingi na kutoa taarifa yao mwaka 2004, walikuta mizani imeelekea upande ule ule. Lakini hapa pana haja ya tahadhari. Tafiti hizo zilihusu Kiingereza, na wengi wa watoto wake walikuwa wakubwa kuliko mtoto wa darasa la tano. Tena karibu wote walikuwa wakiandika lugha waliyoinyonya na maziwa ya mama. Mtoto wa Mvumi anaandika lugha ya pili. Kwake yeye kanuni iliyotajwa waziwazi, kama ile ya ng'ombe aliyekufa, yaweza kumwokolea miaka ya kubahatisha. Anayezileta tafiti za London na za Marekani ili kuifuta sarufi yote katika shule za Ugogo atakuwa amefanya kosa lile lile la waliolileta jedwali la Steere: amechukua dawa ya mgonjwa mwingine.

Na mwalimu asitwikwe mzigo usio wake. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini kote. Na baada ya azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, madarasa yalijaa kabla walimu hawajatosha. Katika darasa la watoto themanini, kupiga mstari chini ya kiima ni kazi inayosahihishika. Insha themanini hazisahihishiki kabla ya jua kuchwa. Kisha upo mtihani, na mtihani ndio mwalimu wa walimu. Kwa miaka mingi, katika mtihani wa Kiswahili wa kumaliza elimu ya msingi, sehemu iliyoitwa utungaji ilimpa mtahiniwa sentensi chache zilizovurugwa, akatakiwa azipange kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Tangu mwaka 2012 majibu yakawa ya kutiwa weusi katika fomu zilizosomwa kwa mashine. Mtoto aliweza kumaliza miaka saba ya shule, akafaulu utungaji, bila kutunga sentensi hata moja. Neno "utungaji" lilibaki juu ya ukurasa kama kibao cha duka lililofungwa. Katika hali hiyo mwalimu aliyetumia kipindi chake kuuliza "nani aliiondoa?" alikuwa akiwapunja watoto wake alama, naye alijua.

Walakini wapo watakaouliza: ikiwa watoto wa bara wafundishwa vibaya namna hiyo, Mathias Mnyampala alitoka wapi? Swali ni la haki. Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu na mji wa Dodoma, Mgogo wa kuzaliwa na kulelewa, na hapana mjuzi wa ushairi wa Kiswahili asiyemhesabu miongoni mwa mafundi wake wakubwa mpaka alipofariki mwaka 1969. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, ambamo mambo ya Ugogo yamesemwa kwa Kiswahili na mwana wa Ugogo. Lakini mtu hodari hathibitishi njia aliyopitia. Wapo waliovuka mto uliofurika, na daraja bado lahitajika. Lililo la maana zaidi ni jinsi alivyoishughulikia sentensi. Yeye ndiye aliyezieneza ngonjera, tungo za watu wawili au zaidi wanaojibizana, mmoja akipinga na mwingine akieleza. Na baada ya Azimio la Arusha zikashikwa na shule kote nchini. Katika ngonjera sentensi haisimami peke yake ubaoni ingojee kupigwa mistari. Imesemwa na mtu, kwa mtu, kujibu neno lililotangulia. Ni kweli kwamba shule nyingi zilizigeuza kuwa kazi ya kukariri, watoto wakapiga kelele kwa pamoja maneno ambayo hawakuyatunga, mbele ya wageni wa heshima; hilo ni kosa la matumizi. Umbo lenyewe lina mafunzo ambayo jedwali halina: asemaye "waliondolewa" sharti awe tayari kwa mwenzake atakayemkatiza na kuuliza, na nani?

Majina ya sarufi yabaki basi, lakini machache: kiima, kitenzi, mtenda, mtendwa, labda mtendewa. Mtoto ayapate baada ya kuigeuza sentensi kwa mikono yake, kama vile mjenzi anavyojua jina la nguzo baada ya kuibeba. Matano hayo yatosha kuizungumza sentensi ya Mvumi kutoka pande zote. Na mwalimu ahakikishe kwamba upande wa pili nao unasemwa, maana makorongo ya Mvumi hayakuwa hadithi, na HADO haikuondoa ng'ombe kwa kuwachukia. Mtoto mmoja aandike: Serikali iliondoa mifugo ya wenyeji ili ardhi ipone. Mwingine aandike: Ingawa Serikali ilitaka ardhi ipone, wenyeji waliondolewa ng'ombe wao. Habari zote mbili zina watu wale wale na tendo lile lile. "Ili" na "ingawa" zimezipeleka njia mbili, na darasa zima laweza kubishana nusu saa bila mtoto hata mmoja kuona kwamba anafundishwa vishazi.

Kazi ya nyumbani ya somo hilo haihitaji kitabu. Wengi waliokuwa watu wazima Mvumi mwaka 1986 ni wazee sasa. Kila mtoto aende akamwulize mmoja wao jinsi sentensi ile ya ubaoni inavyosemwa kwa Chigogo, aiandike kama alivyoisikia, kisha aje darasani awaonyeshe wenzake ni nani aliyetajwa ndani yake, na ametajwa mahali gani.